Rali ya ndege kwenye simyuleta: kikundi kikivurugika, anzia hapa

Rali ya simyuleta, yaani kikundi kinachoruka njia moja kwa pamoja mtandaoni kwa programu ya kuigiza urushaji ndege, ikiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni intaneti, na mara nyingi inasingiziwa. Marubani kumi wakiketi kila mmoja kwake, kinachowatenganisha zaidi ni mipangilio. Huyu kaweka hali ya hewa ya kweli, yule kachagua anga safi la kubuni. Huyu kasasisha programu jana, yule hajaigusa tangu Ramadhani. Kwa hiyo kabla hujaichomoa ruta, uliza: hili linampata mtu mmoja au linawapata wote? Likimpata mmoja, dawa iko mezani kwake. Likiwapata wote, dawa iko kwenye seva au kwenye maelekezo ya kiongozi wa rali. Likiwapata wawili watatu, tafuta wanachofanana: kampuni moja ya simu, toleo moja la programu, ndege ya aina moja.

Mifano mingi hapa inafuata njia moja ya pwani (kwenye mabano ni alama ya kimataifa ya kila uwanja): Mombasa (HKMO), Tanga (HTTG), Pemba (HTPE), Unguja (HTZA) na Dar es Salaam (HTDA). Vipande vyake ni takriban maili za baharini 71, 45, 68 na 39, jumla 223. Kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, inayokwenda noti 110 (maili za baharini kwa saa), ni saa mbili na ushei hewani, ukiacha muda wa kutua na kuruka tena.

Niko uwanjani, simwoni mtu

Hili ndilo linaloongoza, na hujitokeza dakika kumi kabla ya kuruka.

Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni seva tofauti. Microsoft Flight Simulator ina seva za kanda: Marekani mashariki na magharibi, Ulaya magharibi na kaskazini, na Asia ya kusini-mashariki. Ukiiacha ijichagulie, rubani wa Muscat, wa Toronto na wa Mwanza wanaweza kuangukia seva tatu, kila mmoja akiwa peke yake Mombasa akidhani wenzake wamechelewa. Kiongozi ataje seva kwenye tangazo la rali na kila mtu aichague kwa mkono. Kwa kikundi chenye wengi wa Afrika Mashariki, Ulaya magharibi hufaa.

Kinachofuata ni kichujio cha wachezaji. Chaguo la kuonyesha wachezaji wote ndilo salama, kwa kuwa mengine huficha watu. Angalia pia kama uchezaji wa pamoja haukuzimwa. Kuna watu huuzima kuokoa bando, kisha wakasahau.

Tatu, toleo. Wote muwe kwenye programu moja na sasisho moja. Asiyesasisha asubuhi asitegemee kusasisha jioni, kwa sababu faili hizi huwa kubwa na rali haimsubiri.

Kama kikundi kinachanganya X-Plane, simyuleta nyingine, na ile ya Microsoft, wengi hutumia JoinFS kama daraja. Hiyo hupitia poti (mlango wa mtandao) ya UDP 6112, na hapo ndipo mitandao ya simu inapowatesa watu. Fungua ukurasa wa ruta yako, usome anwani ya IP ya upande wa nje. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako, ulinganishe. Zikiwa sawa, kufungua poti kwenye ruta kutafanya kazi. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo utafungua poti mpaka kuche na hakuna kitakachobadilika. Wewe usiwe mwenyeji wa kikao. Mwachie mwenzako mwenye anwani yake mwenyewe, nawe ujiunge kwake. Ukilazimika kuwa mwenyeji, acha kuchezea ruta, mpigie mtoa huduma umuulize kuhusu anwani ya IP ya umma. Mara nyingi hutozwa ada ya ziada.

Mwisho kabisa angalia ngome ya Windows, ile inayouliza mara ya kwanza kama uruhusu programu itumie mtandao. Ukibonyeza kukataa bila kusoma, haitakuuliza tena. Ruhusu programu hiyo moja. Usizime ngome yote kwa ajili ya rali ya saa mbili.

Mwenzangu anaendesha Cessna, mimi naona Boeing

Huna ndege yake kwenye mashine yako, basi simyuleta imekubahatishia. Haiharibu rali, inachekesha tu. Pakua ndege aliyonayo, au kiongozi achague ndege inayokuja na programu kwa kila mtu. Ukiwa nayo na bado inaonekana nyingine, huenda jina la rangi au la toleo la ndege halilingani. Kwenye JoinFS unaweza kulinganisha mwenyewe ndege ya mwenzako na ile uliyonayo.

Ndege ya mwenzako ikielea mita moja juu ya lami au magurudumu yakizama, mmoja wenu ameweka uwanja wa nyongeza wenye kimo tofauti na ule wa asili. Wote muwe nao, au wote muuondoe.

Wenzangu wanaruka-ruka, wanaganda, kisha wanatokea mbele

Uliza ni nani anayeruka-ruka. Ukiwaona *wote* wanaruka-ruka, tatizo ni lako. Kama ni rubani mmoja na kila mtu anamwona hivyo, ni lake. Dakika moja ya kuulizana kwenye redio inaokoa nusu saa ya kubahatisha.

Likiwa lako, anza na Wi-Fi. Chomeka waya kutoka kwenye ruta, au sogea karibu. Kisha ujue nani mwingine nyumbani anatumia mtandao: simu inayopandisha picha, runinga inayoonyesha filamu, kompyuta nyingine inayojisasisha kimyakimya. Halafu pima. Fungua dirisha la amri la Windows, uandike `ping -n 100 8.8.8.8`. Usiangalie wastani peke yake. Angalia vifurushi vilivyopotea na tofauti kati ya muda mfupi na muda mrefu kabisa. Milisekunde 180 zisizobadilika zinavumilika kuliko zinazopanda na kushuka kati ya 60 na 700.

Hata hivyo ucheleweshaji una gharama yake. Kwenye noti 110 ndege inakwenda kama mita 57 kwa sekunde. Ukicheleweshwa milisekunde 200, unayemwona hayuko pale unapomwona: amekwisha kwenda mita 11. Ndiyo maana kukaa ubavu kwa ubavu mita kumi na mtu aliye bara jingine ni kujidanganya. Nusu maili ya nafasi inatosha, na picha inabaki nzuri.

Mtandao ukiwa mzima, kinachofuata ni kompyuta yenyewe. Simyuleta ya Microsoft hushusha picha za ardhi ukiwa hewani. Punguza kiwango cha data inachoruhusiwa kutumia, au uzime majengo ya picha halisi ukikaribia miji. Akiba ya muda kwenye diski ikiharibika, kukwama huwa kwa mpigo: sekunde kadhaa laini, kisha kigugumizi. Ifute, uitengeneze upya.

Wa X-Plane wana lao, na linawapotosha wengi. Fremu, yaani picha zinazochorwa kwenye skrini, zikishuka chini ya 20 kwa sekunde, X-Plane hupunguza mwendo wa saa ya ndani ili hesabu za kuruka zisivunjike. Skrini inaonyesha noti 110, ndege inatii, kila kitu kinaonekana sawa, ila saa ya ukutani inakimbia kuliko ya ndani. Ukibaki kwenye fremu 15, muda wako unakwenda robo tatu ya muda wa kweli. Mombasa hadi Tanga, dakika 39 za wenzako, kwako ni dakika 52. Rubani wa namna hii hulalamika kwamba "wenzangu wanakimbia". Shusha mawingu, vivuli na idadi ya vitu mpaka ukae juu ya 25 hata ukiwa karibu na uwanja. Kupima ukiwa baharini hakusaidii, kwa sababu huko fremu huwa nzuri hata kwenye mashine dhaifu.

Sote tunasoma futi 3,000, lakini yeye yuko juu yangu

Watu hugombana kwa hili bure, kwa kuwa kila mmoja anasoma altimeta yake, kile kipimo cha kimo, kwa usahihi.

Kwanza, shinikizo. Kila hektopaskali moja (kipimo cha shinikizo la hewa) ya tofauti ni futi 27 hadi 30 hivi. Mmoja akibaki kwenye 1013 na mwingine akiweka 1009 iliyotangazwa na uwanja, wametengana zaidi ya futi mia moja wakiwa na tarakimu zilezile mbele yao. Kwenye simyuleta ya Microsoft kitufe B huweka altimeta sawa na shinikizo la hapo ulipo. Kiongozi ataje thamani moja kwa kila kipande na wote waiweke pamoja.

Pili, joto. Altimeta imepimwa kwa hewa sanifu, nyuzi 15 usawa wa bahari. Hewa yenye joto hupanuka, kwa hiyo ndege huwa juu kuliko altimeta inavyosema: karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za ziada. Tanga ikiwa na nyuzi 31, futi 3,000 za kwenye altimeta ni kama futi 190 zaidi kwa kimo halisi. Aliye kwenye hali ya hewa ya kweli na aliye kwenye anga la kubuni la nyuzi 15 hawataonana sambamba hata wakiweka shinikizo moja. Dawa ni moja: hali ya hewa ya aina moja kwa kikundi kizima. Ukiwa na wachanga wengi, chagua ya kubuni. Ya kweli ina raha yake, lakini haiwafikii wote kwa wakati mmoja.

Kwangu ni usiku, kwao mchana

Hili ni letu wenyewe. Tangazo linasema "tunaruka saa 9 alasiri". Aliyezoea saa za Kiswahili anaelewa vema, kisha anaingia kwenye simyuleta na kuandika 09:00. Mwingine anasoma "saa 12 jioni" na kuandika 12:00, jua la utosi. Ongeza mtu wa Bujumbura au Bukavu aliye nyuma kwa saa moja, na wa Muscat aliye mbele kwa saa moja, na mkanganyiko umekamilika.

Andika muda kwa saa ya Greenwich, ile yenye herufi Z, kisha uutafsiri kwenye mabano: 1200Z (saa 9 alasiri Dar na Nairobi, saa 8 Kigali na Bujumbura, saa 10 Muscat). Ndani ya simyuleta nako hakikisha unabadilisha saa ya Z na si ya mahali ulipo. Usichague kuruka baada ya 1300Z kwa njia hii ya pwani. Mkichelewa nusu saa tu, kipande cha Unguja kwenda Dar mtakipiga gizani, na alama za chini hazionekani.

Nafika kituoni nimechelewa au nimewahi

Kituo ni alama ya njiani unayotakiwa kuipita kwa wakati uliopangwa, na kwenye rali hapa ndipo pointi zinapopotea. Kanuni ikiruhusu sekunde mbili za kukosea na kutoza pointi 3 kwa kila sekunde ya ziada, aliyechelewa sekunde 20 ana pointi 54 za adhabu kwenye kituo kimoja.

Sababu ya kwanza ni upepo. Mpango uliandaliwa kwa anga tulivu, hewani kuna kusi. Mombasa kwenda Tanga ni mwelekeo wa nyuzi 206 hivi. Kusi ya noti 20 kutoka nyuzi 165 inakupiga usoni kwa noti 15. Dakika 39 zinakuwa 45. Msimu wa kaskazi mambo hugeuka, unasukumwa na kuwahi. Upepo ukisomeka kwenye ramani ya simyuleta, piga hesabu upya kabla ya kuruka. Ukiwa hewani, pima kipande kifupi kati ya alama mbili unazozijua, kwa mfano Shimoni hadi mdomo wa mto Umba, urekebishe mapema. Kusubiri hadi maili tano za mwisho ndiko kunakowafanya watu wakaze gesi mpaka mwisho, wakapita kituo wakiwa wamewahi.

Ya pili ni kuchanganya mwendo unaosomeka na mwendo wa kweli. Ukipanda, mwendo wa kweli huzidi unaosomeka kwa kama asilimia 2 kwa kila futi 1,000. Futi 2,000 juu ya bahari tofauti ni ndogo. Kwenye rali ya nyanda za juu, futi 7,500 na noti 100 kwenye kipimo cha mwendo, unakwenda noti kama 115.

Ya tatu ni kupotoka kwa dira ya jairo, ile inayotegemea gurudumu linalozunguka na si sumaku. Iweke sawa na dira ya sumaku kila baada ya dakika 10 au 15 ukiwa umenyoosha mabawa. Kitufe D hufanya hivyo kwenye simyuleta ya Microsoft. Nyuzi 5 za kupotoka kwenye maili 71 zinakutoa njiani maili 6.

Na kuna kosa la mwandaaji: kituo kisichoonekana. Jengo lililo wazi kwenye picha za setilaiti huenda halipo kwenye X-Plane, ambayo hujaza miji kwa majengo ya kubuni. Chagua maumbo ya ardhi: mdomo wa mto Pangani, Ras Nungwi, kisiwa cha Chumbe. Hayo yapo kwenye kila simyuleta.

Sauti

Husikiki: angalia kwanza maikrofoni iliyochaguliwa. Hedseti ikichomolewa na kurudishwa, Windows huweza kuhamia kwenye kifaa kingine. Kisha faragha ya Windows, kama programu ya sauti imeruhusiwa kutumia maikrofoni.

Kitufe cha kuongea kinafanya kazi ukiwa nje ya simyuleta tu: simyuleta inaendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi na Discord, programu ya kuongea, haiendeshwi hivyo. Zote ziwe ngazi moja. Tazama pia kama kitufe hicho hakijapewa kazi nyingine. Mtu anayefunga breki kila akizungumza amegongana na mpangilio wa joistiki.

Kikundi kizima kinasikia mwangwi: mmoja wenu anatumia spika. Kila mtu anyamazishe maikrofoni kwa zamu hadi mwangwi ukome. Yule ambaye umekoma alipojinyamazisha ndiye mwenye spika.

Ndege inavuta upande, au injini inakohoa

Kuvuta kushoto wakati wa kuruka ni kawaida ya ndege ya propela. Kanyaga pedali ya kulia ya usukani. Ikivuta hata ikiwa imetulia angani, angalia kama vifaa viwili, mathalani joistiki na kidhibiti cha Xbox kilichosahaulika mezani, vinatawala mhimili mmoja. Chomoa kisichotumika. Baada ya hapo pima joistiki upya na uweke eneo tulivu la katikati, asilimia 3 hadi 5.

Injini ikikohoa baada ya kuruka kutoka uwanja wa Wilson wa Nairobi, ulio juu ya futi 5,500, au Arusha, mafuta yamezidi hewa. Vuta kidogo wenzo mwekundu wa mchanganyiko mpaka mizunguko ifike kilele, kisha uurudishe kidogo. Ikizima ghafla kwenye kipande cha tatu au cha nne, tazama kiteuzi cha tanki kabla ya kutafuta hitilafu kubwa. Kwa ndege za zamani zenye kabureta, unyevu wa pwani na gesi ndogo wakati wa kushuka hutengeneza barafu hata kukiwa na joto. Washa hewa moto ya kabureta. Cessna 172S haina kabureta, usiitafute.

Programu inajifunga, au kompyuta inazima

Haya mawili si ndugu. Programu ikijifunga na Windows ikabaki, mshukiwa wa kwanza ni nyongeza. Hamisha kila kitu nje ya folda ya Community, ambamo simyuleta ya Microsoft huweka nyongeza, ujaribu. Ikitulia, rudisha nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka umkamate. Baada ya hapo sasisha kiendeshi cha kadi ya picha, na uondoe mwendo wowote wa ziada uliolazimisha kwenye kadi au prosesa. Aliyekatika katikati ya kipande asijiweke hewani katikati ya wenzake. Aanzie uwanja unaofuata, asubiri, na kipande kile kihesabiwe kuwa hakikukamilika.

Kompyuta ikizima yote kama imechomolewa, sababu ni joto au umeme. Joto kwanza: toa vumbi kwenye matundu ya hewa kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa, usiiweke laptopu juu ya godoro, na ufuatilie nyuzi za prosesa na kadi ya picha kwa dakika 20 za kuruka. Umeme ukiyumba mtaani, tumia stabilaiza au UPS yenye uwezo unaozidi matumizi ya mashine yako.

Hapa acha ujanja. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona cheche, au kompyuta ikazima mara mbili kwa siku baada ya kusafishwa, chomoa ukutani na umpelekee fundi. Kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta ya mezani usikifungue kabisa, kwani hubaki na chaji hata kikiwa kimechomolewa. Laptopu ikiwa imeanza kutuna chini, au padi ya kipanya imenyanyuka, betri imevimba. Izime, usiichaji, usiibonyeze irudi mahali pake, usiitoboe. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto hadi fundi aichukue. Rali ijayo azima mashine ya mtu.